Uzi: Posta za wilayani zisife. Serikali ilipie nini hasa?

#1 Makole Juu
Salaam wakuu. Naweka hoja kisha nakaa pembeni.

Utasikia mtu anasema Posta ijitegemee na ilete gawio. Mtu huyohuyo ukimwambia posta ya wilaya yake inafungwa, anakuja juu. Fahari hao wawili hawakai zizi moja. Hapa mkoani Dodoma, posta ya Bahi, Chemba, Kongwa au Mpwapwa haiwezi kujilipia kwa stempu na ada za masanduku, na tangu zamani haikutegemewa ijilipie. Ilibebwa na simu. Mpaka 1993 posta na simu zilikuwa shirika moja, hela ya simu ikiziba pengo la kaunta. Walipotengana, simu ikaondoka na mapato, posta ikabaki na majengo na wajibu wa kufika kila mahali.

Sasa swali. Serikali ikiamua kuchangia ili mtandao wa posta usikatike, ilipie nini? Jengo? Mshahara wa karani? Kila barua? Au inunue huduma kama inavyonunua barabara kwa mkandarasi? Karibuni, ila njooni na hesabu, lawama tunazo za kutosha.

#2 Wakili wa Swaswa
Naunga mkono swali, tarehe tuziweke sawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, ndipo ikaja Shirika la Posta na Simu la Tanzania. Sheria ya Shirika la Posta ni Namba 19 ya 1993 na shirika likaanza kazi 1 Januari 1994. Na hazikutoka taasisi mbili, zilitoka tatu: Posta, TTCL ya simu, na Tume ya Mawasiliano ya kusimamia. Tume hiyo ndiyo baadaye ikaingia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa sheria ya 2003.

Usisahau pia kwamba benki ilishatolewa kabla. Benki ya Posta ina sheria yake ya 1991. Leo ni TCB, jina hilo limeanza 2021. Kwa hiyo posta ilinyang'anywa mbeba mizigo mara mbili, akiba kwanza halafu simu.

#3 Zabibu Kavu
Mbona mnazunguka. Barua zimekufa. Denmark barua zimepungua zaidi ya asilimia 90 tangu 2000, na PostNord, posta yao, wamepeleka barua ya mwisho 30 Desemba 2025, wakang'oa na masanduku mekundu. Nchi tajiri imekubali yaishe, sisi tunataka kufufua maiti kwa kodi ya muuza ubuyu.

#4 Karani Kaunta
Zabibu, "barua zimekufa" ni maneno ya jumla mno. Uliza zipi, na nani alizitoa kaunta.

Mani oda ziliondolewa na simu, M-Pesa imeingia hapa 2008. Hiyo ni haki ya soko. Ila tazama nyingine. Maombi ya kazi serikalini yaliyokuwa yanakuja kwa bahasha na stempu yamehamia mfumo wa Ajira. Fomu za Bodi ya Mikopo zilizokuwa zinatumwa kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, msimu ambao kaunta ya wilaya ilikuwa inafanya kazi mpaka usiku, zimeingia mtandaoni. Zabuni za halmashauri, bahasha nene zenye lakiri, zote ziko kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST tangu 2023. Barua za ofisi kwa ofisi ziko kwenye mfumo wa ofisi mtandao.

Mteja mkubwa wa posta ya wilaya hakuwa mpenzi anayemwandikia mpenzi wake. Alikuwa Serikali, na Serikali imejihudumia yenyewe. Sisemi ilikosea. Nasema alipohama hakuna aliyekaa chini kuuliza kaunta ile itaishi kwa nini.

#5 Tairi la Nzuguni
Wote mmekosa. Adui wa posta anaondoka stendi kila saa. Mtu ana spea ya kutuma Singida, kilomita 240 hivi. Anaenda stendi, anaandika jina na namba ya simu kwa maka peni juu ya boksi, analipa, anapewa risiti na namba ya konda. Jioni mzigo umepokelewa. Hakuna foleni, hakuna kitambulisho, na usiku mabasi yanatembea. Kaunta ya posta saa 10 jioni inateremsha pazia.

#6 Wakili wa Swaswa
Tairi, kampuni ya basi inayopokea vifurushi na vipeto inatakiwa iwe na leseni ya TCRA kwa kazi hiyo, mbali na leseni ya abiria ya LATRA, msimamizi wa usafiri wa ardhini. Wapo walionazo na wanalipa ada. Wasio nazo ndio wanaomnyonga mwenye wajibu wa kupeleka mpaka kusiko na faida. Basi linachagua barabara, posta haichagui.

#7 Tairi la Nzuguni
Leseni haimfikishii mtu boksi lake mkuu 😄

#8 Hesabu za Kizota
Makole Juu umeomba hesabu, shika hii. Tarakimu ni za mfano tu, asije mtu kuzinukuu kama takwimu.

Tuseme posta moja ya wilaya kwa mwezi vitabu vinaonyesha matumizi 5,000,000 na mapato 2,900,000. Hasara 2,100,000. Wengi hapa husema "basi Serikali iwape 2,100,000". Hapana. Swali sahihi ni hili: ofisi hii ikifungwa kesho, ni gharama zipi zitaondoka kweli, na ni mapato yapi yatapotea kweli?

Kwenye ile 5,000,000 kuna fungu la makao makuu lililogawanywa kwa kila ofisi, tuseme 1,200,000. Ukifunga ofisi, fungu hilo haliondoki, linahamia kwa ofisi nyingine. Gharama inayoepukika ni 3,800,000: makarani, mlinzi, umeme, intaneti, usafiri wa mifuko.

Upande wa mapato, si yote yatapotea. Mwenye sanduku na mtumaji wa EMS baadhi watakwenda ofisi ya jirani. Tuseme 1,000,000 itahamia. Kinachopotea ni 1,900,000.

Toa: 3,800,000 kasoro 1,900,000. Mzigo halisi wa kuiweka ofisi wazi ni 1,900,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya wajibu. Ulaya wameiandika njia hii kwenye maelekezo yao ya posta ya 2008, wanalinganisha mtoa huduma akiwa na wajibu na akiwa hana. Ofisi ambayo ingebaki wazi hata bila kulazimishwa, mfano Posta Kuu ya mjini hapa, hailipiwi hata senti.

#9 Mrangi wa Kolo
Hesabu nzuri, ina tundu kubwa. Posta inahesabu mapato pale barua inapotumwa. Gharama inaangukia pale inapopokelewa.

Kipeto cha kutoka Dar kwenda Kondoa: hela yote imeingia kaunta ya Dar. Kondoa wamefungua mfuko, wamesoti, wameingiza kwenye mfumo, wamempigia mpokeaji, wamekagua kitambulisho, wamesainisha. Kwenye vitabu vya Kondoa kazi hiyo ni sifuri. Sasa wilaya zote za kwetu ni wapokeaji kuliko watumaji. Lazima zionekane mizigo.

Nchi kwa nchi hili lilitatuliwa. Nchi inayotuma inailipa inayosambaza, ndiyo malipo waliyogombania Geneva Septemba 2019 hadi Marekani ikatishia kutoka Umoja wa Posta Duniani. Ndani ya nchi fanya vilevile. Kila kipeto kinachopokelewa wilayani kiipe ofisi mgawo kwenye hesabu za ndani.

#10 Hesabu za Kizota
Mrangi nimekusoma, tuongeze. Tuseme vinaingia vipeto 400 kwa mwezi, mgawo 1,500 kila kimoja: 600,000. Hiyo ni hela ambayo shirika lingekosa mahali pengine kama Kondoa isingekuwepo. Mzigo unashuka mpaka 1,300,000.

#11 Zabibu Kavu
Hapo unatupiga chenga. Kondoa ikifungwa si watu wote 400 wataacha kutuma. Nusu wataandika "apokelee Dodoma". Kwa hiyo kata 300,000 tu, mzigo ni 1,600,000. Mimi sitaki posta, ila nataka hesabu iliyonyooka.

#12 Hesabu za Kizota
Nusu umeipata wapi?

#13 Zabibu Kavu
Pale ulipopata 1,500 yako.

#14 Karani Kaunta
😂😂 Ngoma droo. Lakini hapo ndipo mambo haya hukwama kweli. Mlipaji na mlipwaji watabishana juu ya "wangapi wangehama" kwa sababu hakuna anayeweza kuipima bila kufunga ofisi.

#15 Mama Chamwino
Naomba kuuliza wataalamu, kwani lazima tulipie ofisi? Uingereza ninavyojua Serikali imeweka kigezo cha umbali tu, shirika lenyewe litafute namna.

#16 Wakili wa Swaswa
Ndivyo dada, ila na hela inafuata. Kigezo chao kikuu: asilimia 99 ya watu wawe ndani ya maili 3 kutoka kaunta, na matawi yasipungue 11,500. Kwa ajili hiyo Serikali ilikuwa inatoa ruzuku ya mtandao, pauni milioni 50 kwa mwaka kati ya 2022 na 2025. Na angalia, mwenye kaunta na mwenye kusambaza barua kule ni watu wawili tofauti. Royal Mail ya kusambaza iliuzwa kuanzia 2013, Post Office Ltd ya kaunta imebaki ya Serikali, na matawi karibu yote yanaendeshwa na mawakala, wengi wao wenye maduka.

Ufaransa nao wana sheria: vituo 17,000, na kwa kila mkoa wao wasizidi asilimia 10 ya watu walio mbali zaidi ya kilomita 5 na dakika 20 kwa gari. Vingi viko ndani ya ofisi ya meya wa kijiji au dukani. Fidia yake kwa muda mrefu ilipitia zaidi kwenye msamaha wa kodi za mitaa.

#17 Tairi la Nzuguni
Maili 3 ni kilomita 4.8. Duara la nusu kipenyo hicho lina kilomita za mraba 72 na ushee. Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,300 hivi. Gawanya. Posta zaidi ya 560, mkoa mmoja! Kila mbuyu na posta yake.

#18 Mama Chamwino
Tairi, kigezo kinahesabu watu, hakihesabu pori. Pori la Swagaswaga hulipelekei stempu. Mkoa una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wako mjini, kwenye miji midogo kama Kibaigwa, na kando ya barabara kuu.

#19 Mrangi wa Kolo
Hata hivyo umbali wa mstari ni kipimo cha nchi zenye lami kila upande. Hapa pima nauli na siku. Mtu wa kijiji cha ndani ana gari moja linaloenda makao makuu ya wilaya asubuhi na kurudi jioni. Kaunta ikiwa wazi saa 4 mpaka saa 8 siku za mnada, inamfaa kuliko iliyo wazi siku sita asizofika. India wana watumishi wa posta wa vijijini wanaofanya saa 4 au 5 tu kwa siku, na kupitia haohao wameingiza benki ya malipo ya posta tangu 2018. Kaunta ya nusu siku. Sisi tunadhani posta lazima iwe jengo la ghorofa na bendera.

#20 Wakili wa Swaswa
Hela itoke wapi sasa. Mimi nasema Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Upo kisheria tangu 2006, ofisi ziko hapahapa Dodoma, kazi yake ni kupeleka huduma kule soko linakoona hakulipi. Jina linasema mawasiliano. Halisemi simu.

#21 Makole Juu
Jina linasema hivyo, macho yanaona minara. Mei 2023 imesainiwa mikataba ya minara 758 kwa mpigo. Posta hapo iko wapi?

#22 Zabibu Kavu
Na iko sawa! Mnara mmoja unampa mwanakijiji simu, hela na intaneti. Shilingi ileile ukiiweka kwenye kaunta unampa nini, stempu ya twiga?

#23 Karani Kaunta
Unampa mtu wa kuonana naye. Mnara haukagui cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana ya vituo vya Huduma Pamoja ndani ya posta: taasisi kadhaa za Serikali chini ya paa moja. Mwananchi wa Mpwapwa asije Dodoma kwa ajili ya muhuri. Kenya walianza na vituo vya Huduma 2013, vingine vikiwa ndani ya majengo ya posta.

Ila pana kosa moja la kuepuka. Taasisi inaleta meza yake, inakaa, inatumia umeme, intaneti, mlinzi na foleni ya posta, na mkataba hausemi nani analipa nini. Weka bei kwa kila muamala. Cheti kimoja kimepokelewa, kimeingizwa kwenye mfumo, kimekabidhiwa: kiasi fulani. Hiyo mimi siiiti ruzuku, ni malipo ya kazi. Serikali ilipe posta kama inavyolipa mzabuni mwingine, kwa wakati, uone nusu ya pengo la Hesabu linavyoziba.

#24 Hesabu za Kizota
Karani, hapo kwenye "kwa wakati" ndipo penye kisa. Na kuna jambo mmelipita. Mashirika na taasisi za umma zina utaratibu wa kuchangia asilimia 15 ya mapato ghafi Mfuko Mkuu. Mapato ghafi, sio faida. Chukua ile ofisi yetu ya mfano yenye mapato 2,900,000: asilimia 15 ni 435,000. Ukiwapa 1,300,000 kwa mkono wa kulia ukachukua 435,000 kwa wa kushoto, umewapa 865,000. Kabla ya kujadili ruzuku, anza na kuuliza ofisi zenye wajibu zinatozwaje.

#25 Zabibu Kavu
Hili nakubali, nikiwa nimekunja uso.

#26 Fundi Mizani
Mnajadili kiasi, mimi naogopa namna ya kulipa. Kila namna ina wizi wake.

Ukilipa kwa siku ambazo ofisi ilikuwa wazi, utakuta mlango uko wazi, stempu hazipo, mtandao hakuna, chenji hakuna. Ofisi imefunguka, huduma haipo.

Ukilipa kwa idadi ya vipeto, vitaanza kuzaliana. Karani anatuma bahasha tupu kwa ofisi ya jirani, jirani anamrudishia. Dawa yake ni kulinganisha vitu vitatu: kumbukumbu ya mfumo pale kilipotoka, ya pale kilipofika, na uzito wa mfuko mzima. Mfuko ukiandikwa vipeto 60 na mizani inasoma kilo 2, kila kimoja kina wastani wa gramu 33. Hizo ni bahasha za hewa. Ongeza namba ya siri kwenye simu ya mpokeaji, asipoitaja kipeto kisihesabiwe.

Namba zenyewe ziko herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi. Mfano RR123456789TZ. Mwanzo R ni rejesta, E ni EMS, C ni kifurushi.

#27 Mrangi wa Kolo
Fundi umekosea mfano, namba hiyo mashine itaikataa. Tarakimu ya tisa haiandikwi tu, inakokotolewa. Zidisha nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mfuatano, jumlisha, gawa kwa 11, kinachobaki kitoe kwenye 11. Kwa 12345678: 8+12+12+8+15+30+63+56 ni 204. Ukigawa kwa 11 inabaki 6. 11 toa 6 ni 5. Kwa hiyo RR123456785TZ. Jibu likiwa 10 unaandika 0, likiwa 11 unaandika 5.

Ndiyo kinga ya karani kukosea tarakimu moja anapoandika kwa mkono mtandao ukikatika. Haizuii mwizi, mwizi naye anajua kujumlisha.

#28 Tairi la Nzuguni
Mrangi amekaa na hiyo kichwani. Huyu mtu si wa kukopa naye hela.

#29 Mama Chamwino
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mmesema kipeto kifike. Anwani ya makazi ya hapa mjini inaanzia 41, mbona barua za wizara zina 404 na kuendelea? Nawaandikia ipi?

#30 Wakili wa Swaswa
Postikodi ya kata: tarakimu ya kwanza kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Kanda yetu ni 4, Dodoma 41, Singida 43, Tabora 45. Zile za wizara, mfano 40468 unayoiona pamoja na S.L.P. 2802 ya Wizara ya Fedha, zinafuatana na sanduku. Andika kama ilivyo kwenye kichwa cha barua yao, usiibadilishe.

#31 Fundi Mizani
Na hapa ndipo mimi naona ugonjwa wenyewe, si ruzuku. Operesheni ya anwani za makazi imezinduliwa Februari 2022, nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina mpaka vichochoro vya Nkuhungu. Lakini posta yetu ilizoea sanduku. Kijiji kizima kinapokea kwa S.L.P. ya shule, ya parokia au ya zahanati. Mwalimu mkuu akihama, barua zinalala. Posta iliyokaa ikisubiri ifuatwe itashindwa na bodaboda tu, hata uipe mabilioni.

#32 Karani Kaunta
Vibao vya nyumba viwepo na msambazaji asiwepo, ni urembo. Msambazaji mmoja wa pikipiki mjini anahitaji kipeto cha kutosha kwa kila kilomita. Kata zenye nyumba zilizotawanyika analipa mafuta kuliko anachokusanya. Tumerudi palepale pa #8.

#33 Mrangi wa Kolo
Mafuta ndiyo nataka tuyaguse. Gari la shirika Dodoma–Kondoa, kwenda kilomita 160 hivi, kurudi 160. Pikapu inakula lita 1 kwa kilomita 10: lita 32. Tuseme dizeli 2,800, unapata 89,600 kwa safari, kwa siku 26 ni 2,329,600. Hilo tu limezidi ule mgawo wa vipeto wa 600,000 niliokuwa naupigania juu.

Mfuko uende kwa basi la abiria kwa mkataba. Ila ufungwe vizuri mkataba huo. Mfuko uwe na lakiri yenye namba, na hati ya makabidhiano nakala tatu: ya anayetoa, ya konda, ya anayepokea. Basi linaondoka alfajiri, hivyo usoti uishe usiku wa jana, vinginevyo mfuko unalala siku nzima. Likasha la chuma lenye kufuli ndani ya buti, ufunguo uko ofisi mbili tu. Linaloharibika mara nyingi ni dogo: konda mpya hajui, anateremsha mfuko stendi isiyo yake. Andika jina la ofisi kwa herufi kubwa pande zote mbili za mfuko, sio upande mmoja.

Dar–Dodoma treni ya SGR inatumia chini ya saa 4. Mfuko wa usiku ungekuwa hapa kabla karani hajanywa chai.

#34 Tairi la Nzuguni
Kwa hiyo adui wa #5 amegeuka mkwe 😂

#35 Hesabu za Kizota
Nani alisema mkwe si adui.

#36 Mama Chamwino
Kuhusu mawakala. Kama posta ya kata iwe dukani au ofisi ya mtendaji, vitu gani vya lazima? Naona watu wanasema "weka wakala" kama kuweka kibao cha soda.

#37 Fundi Mizani
Mizani miwili, mmoja wa barua wa gramu 1 mpaka kilo 2, mwingine wa vifurushi wa kilo 30, na mawe ya kupimia usahihi kila mwezi, kwa sababu mizani ikizidisha gramu 20 mteja analipa daraja la juu. Kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti. Muhuri wa tarehe. Simu au kompyuta mpakato, ruta, kichapishi kidogo cha risiti.

Umeme: kompyuta mpakato wati 45, ruta 10, kichapishi 15, taa 10, jumla 80. Betri ya volti 12, Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, una 600. Gawa kwa 80 ni saa 7 na nusu, ukitoa upotevu wa inveta ni kama saa 6. Siku ya kazi ya nusu ya Mrangi inatosha kabisa. Wanaoshusha betri mpaka sifuri kila siku ndio wanaonunua nyingine kabla ya mwaka.

Kinachoua wakala sio vifaa. Ni kamisheni. Akilipwa kwa stempu alizouza tu, kipeto kinachoingia atakitupa chini ya meza, hakimlipi. Mlipe kwa kupokea pia. Na asiachiwe peke yake: duka likifungwa kwa msiba, ufunguo wa kasha ni wa nani? Awepo mtu wa pili aliyesajiliwa.

#38 Wakili wa Swaswa
Ongeza ulinzi wa wakala dhidi ya mfumo wenyewe. Uingereza mfumo wa Horizon wa Fujitsu uliingia mwishoni mwa miaka ya 1990, ukawa unaonyesha upungufu wa hela usiokuwepo. Mawakala zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Ililazimu Bunge kupitisha sheria 2024 kufuta hukumu hizo. Mkataba wa wakala useme wazi: mfumo na daftari vikitofautiana, uchunguzi kwanza, kukata hela baadaye. Wakala aandike daftari la karatasi kila jioni na karani wa wilaya alitie saini kila wiki.

#39 Zabibu Kavu
Sawa. Lakini bado mnazungumza barua na stempu. Nipeni kitu kimoja kilichopo kweli kijijini, si cha kutengenezwa na ruzuku.

#40 Karani Kaunta
Sampuli za maabara. Zahanati inachukua damu, maabara kubwa iko mbali, EMS inabeba. Ufungaji ni tabaka tatu: chupa yenyewe, mfuko usiovuja wenye kitu cha kunyonya, boksi gumu la nje. Za baridi zikae nyuzi 2 mpaka 8, na vifurushi vya barafu visigusane moja kwa moja na chupa, vinaigandisha. Saa ya kuchukuliwa iandikwe juu ya boksi, maana maabara itakataa iliyochelewa na mgonjwa atachomwa tena. Tairi, hiyo nayo utaiandika namba ya konda kwa maka peni?

#41 Tairi la Nzuguni
Hiyo nimesalimu amri.

#42 Hesabu za Kizota
Ila nani analipa hiyo? Kama ni mradi wa wafadhili, mradi ukiisha ofisi inarudi kwenye pengo lilelile. Lazima iwe kwenye bajeti ya halmashauri, kasma yenye jina lake.

#43 Zabibu Kavu
Halmashauri ipi yenye hela ya kasma mpya?

#44 Makole Juu
Nilisema nakaa pembeni, ila nauliza moja. Hesabu, kwenye mfano wako mlinzi umemweka kwenye gharama inayoepukika. Jengo likifungwa si bado linalindwa?

#45 Hesabu za Kizota
Likifungwa likapangishwa, mlinzi ni wa mpangaji. Likifungwa likakaa tupu, mlinzi anabaki, na gharama inayoepukika inapungua. Tuseme 250,000. Mzigo wa #10 unakuwa 1,050,000, wa Zabibu 1,350,000.

#46 Zabibu Kavu
Na milango ya jengo tupu wilayani inakaa miezi mingapi kabla haijang'olewa? Hiyo umeiweka wapi?

#47 Fundi Mizani
Madirisha huanza kwanza.